Kabla ya kuchimba kisima, hesabuni kamba za mwani

Mhariri,

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliponadi vitalu vya mafuta na gesi vya baharini mwaka 2024, mazungumzo ya barazani yamekuwa ya namna moja: mafuta yapo au hayapo, na yakipatikana Pemba itagaiwa nini. Kabla ya hapo tulibishana miaka na miaka kama mafuta ni ya Muungano au ni yetu. Hayo yana wenyewe wanaoyaweza. Mimi naomba nafasi niulize swali la mtu wa pwani: siku kisima kikifumuka, nani atajua mama wa Makangale, hapa Pemba, alikuwa na kamba ngapi za mwani majini?

Zikitajwa ajali za visima vya baharini, watu hukimbilia Ghuba ya Mexico. Hawakosei. Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon uliripuka, watu 11 wakafa, mafuta yakabubujika chini ya bahari kwa siku 87, na kampuni ya mafuta ya BP ikaishia kulipa zaidi ya dola bilioni 60 kwa usafi, faini na fidia. Ila mfano huo unaweza kutupumbaza. Mdai pale alikuwa Marekani, na Rais wake aliwaita wakubwa wa kampuni Ikulu, wakatoka wameahidi kutenga dola bilioni 20 za fidia. Sisi tukimwita mkubwa wa kampuni ya mafuta, sijui kama atapanda ndege.

Mfano unaotuhusu ni wa Montara. Hautajwi sana huku kwetu, nami naona ndio ungepaswa kutajwa kila kikao cha mafuta kinapofanyika Wete au Chake, maana walioumia kule walikuwa wakulima wa mwani.

Montara ni kisima kilichoko Bahari ya Timor, upande wa Australia. Kilikuwa mikononi mwa kampuni tanzu ya PTTEP, kampuni ya mafuta ya Thailand. Tarehe 21 Agosti 2009 kilifumuka. Wafanyakazi 69 waliokuwa juu ya mtambo walitolewa salama, lakini mafuta na gesi viliendelea kutoka mpaka Novemba, siku 74. Ili kukiziba ilibidi kuchimbwe kisima kingine pembeni, kipenye chini kabisa kikakute bomba la kile cha kwanza. Jaribio la tano ndilo lililofanikiwa, na wakati huo mtambo wenyewe umeshashika moto.

Chanzo hakikuwa tufani wala tetemeko. Tume ya uchunguzi ya serikali ya Australia iliona kwamba saruji iliyotiwa chini ya kisima haikuziba sawasawa, haikupimwa kama inavyotakiwa, na vizuizi vya ziada ambavyo vingeokoa hali havikuwekwa vyote. Ikasema kampuni haikufuata taratibu za busara za uchimbaji. Hii ni nchi yenye wakaguzi, helikopta na meli za kila aina. Sisi boti ya kwenda Fundo ikizima injini tunapiga simu kwa wavuvi.

Sasa kisa cha mwani. Kutoka Montara hadi kisiwa cha Rote, Indonesia, ni kiasi cha kilomita 250. Watu wa Rote na Kupang walikuwa wakilima mwani wa jamii hizi hizi tulizonazo, na ndio uliokuwa ukisomesha watoto wao. Wiki chache baada ya ajali waliona maji yana utando, kisha mwani ukawa mweupe, ukaoza, ukakatika kwenye kamba. Miaka iliyofuata wengi walipanda tena, haukuota kama zamani. Kampuni ikakana kwamba mafuta yake yaliwadhuru. Mwaka 2012 mahakama ya Darwin iliipiga faini ya dola 510,000 za Australia, lakini faini ni ya serikali. Mkulima wa Rote hakuonja hata senti.

Kesi ya wakulima ilifunguliwa Sydney mwaka 2016. Mkulima mmoja wa Rote alisimama kwa niaba ya wenzake zaidi ya 15,000. Hukumu ikatoka Machi 2021: mafuta yalifika, yaliua mwani, na kampuni ilikuwa na wajibu wa kuwalinda watu wale ingawa wako nchi nyingine. Malipo yakakubaliwa Novemba 2022, dola milioni 192.5 za Australia. Ukigawa kwa vichwa 15,000 ni kama dola 12,800 kila mmoja, na hapo hujakata ya mawakili wala ya waliogharimia kesi. Miaka 13. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ajali alishamaliza darasa la sita.

Na hao ni walioshinda, Mhariri. Walipata mawakili wa Australia waliokubali kuhangaika nao, na mkataba mbaya haukuwafunga mikono. Hata hivyo kila mmoja alitakiwa aoneshe alikuwa na nini kabla mafuta hayajafika na amebaki na nini baada yake.

Turudi kwetu. Nenda Kiuyu au Makangale siku za bamvua, maji yakishapwa. Utawaona kina mama wameinama, maji magotini, wanafunga mbegu kwa vikamba vya tai-tai, kamba baada ya kamba, kila kamba imevutwa baina ya mambo mawili, yaani vigingi vilivyochomekwa mchangani. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanapandisha pwani mapolo yanayochuruzika maji ya chumvi, wanaanika, kisha wanampelekea wakala. Wakala anatundika polo kwenye mizani, anaandika jina na kilo kwenye daftari, analipa taslimu. Jina lenyewe mara nyingi ni "Mama Fulani" tu, na kila kijiji kina Mama Fulani watatu. Daftari likijaa hununuliwa jipya, la zamani hufungiwa maandazi.

Basi hiyo ndiyo kumbukumbu ya kilimo kilichoanza kibiashara hapa mwaka 1989, kinachobeba maelfu ya familia, wengi wa wakulima wakiwa wanawake na sehemu kubwa ya mavuno ikitoka Pemba. Hakuna hati ya kipande cha bahari wala risiti. Mvuvi wa dema hana hata hilo daftari, samaki wake anaishia kwenye mnada wa asubuhi.

Kuna jambo jengine linalonitia hofu zaidi. Mwani wetu tayari unaugua. Kotonii, wenye bei nzuri, kwa miaka mingi sasa umekuwa ukifa kwenye maji madogo kwa sababu bahari imepata joto, na wengi wamebaki na spinosumu wa bei ndogo. Dalili zake ni kupauka, kulegea na kukatika. Wakulima wa Rote walieleza dalili kama hizo hizo. Kwa hiyo siku ya siku wakili wa kampuni hatahitaji kutoa jasho. Atasimama aseme mwani wenu ulikuwa unakufa tangu zamani, oneshaneni wenyewe ni upi uliouawa na mafuta na ni upi uliouawa na jua. Tutajibu nini bila vipimo vya maji na mavuno vya miaka ya kabla ya kuchimba?

Najua nitaambiwa kwamba bahari ya Tanzania ni ya gesi, na kwamba gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam tangu 2004 bila balaa. Ni kweli, na ni hoja ya haki. Gesi kavu ikivuja hupaa, haigandi kwenye mikoko. Lakini anayetafuta hachagui atakachokikuta, na kandarasi zinaandikwa kwa mafuta na gesi pamoja. Hata makubaliano ya Serikali yetu na kampuni ya RAK Gas ya Oktoba 2018, yale tuliyoyashangilia, yalikuwa ya vyote viwili.

Halafu ni wapi yatakwenda. Mkondo wa bahari wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi likivuma huzidi kasi. Kitakachomwagika mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo baina ya Pemba na bara, kitafika Vanga na Shimoni, Kenya, kabla hatujamaliza kuunda kamati. Kule Kibuyuni nako kuna wanawake wa mwani. Watakuwa wao ndio watu wa Rote: mkataba umesainiwa Zanzibar, madhara yako Kwale, na kampuni inauliza hawa wametoka wapi.

Kama ningeulizwa, mkondo wa Pemba usingechimbwa kabisa. Ajira zenyewe ni za mafundi waliosomea, wanaoletwa kwa helikopta na kuondoshwa kwa helikopta, wakati hasara ya siku moja ingegusa mwani, uvuvi na hoteli kwa pamoja. Lakini sikuulizwa, na naona mambo yanakwenda. Basi angalau masharti yawepo kabla ya mtambo kuja.

Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, kampuni kwanza hurudisha gharama zake kutoka kwenye mafuta yanayopatikana, ndipo mgao ufuate. Nataka iandikwe waziwazi kwamba usafi na fidia ya ajali si gharama za kurudishwa, vyenginevyo tutajilipa fidia kwa fungu letu wenyewe. Kampuni mama iweke sahihi ya udhamini, maana kampuni tanzu inaweza kuwa ofisi mbili na kiyoyozi. Na fedha ya dharura ikae benki tangu siku ya kwanza. Tuzungumze na Kenya sasa, wakati hakuna aliyemkasirikia mwenzake.

Lakini kabla ya yote hayo liwepo daftari. Kila shehia ya pwani iandikishe wakulima wa mwani na wavuvi: jina kamili, namba ya kitambulisho, kamba ngapi, aina gani ya mwani, kilo ngapi kwa msimu, dema na nyavu zinatupwa wapi. Wakala alazimishwe kutoa risiti. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipewe fedha ipime maji, mwani na matumbawe kwa misimu yote miwili, kaskazi na kusi, na majibu yabandikwe ofisi ya sheha. Vipimo hivyo visifanywe na mtu anayelipwa na mchimbaji. Kila aliyeandikwa apewe nakala yake yenye muhuri akaiweke sandukuni.

Kazi ya daftari haihitaji mfadhili. Masheha wapo, walimu wastaafu kama mimi tupo, na watoto waliomaliza kidato cha nne wako vijiweni wanaweza kuandika na kupiga picha kwa simu. Kama mamlaka husika imeshaanza, naomba ijibu kupitia ukurasa huu huu, itaje ni shehia gani na daftari liko kwa nani.

Mwalimu mstaafu,
Micheweni, Pemba