Shukrani kwa fundi wa kwenye foleni, Industrial Area

Kaka, uliacha nafasi yako kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi ili utueleze kazi ya kubandua vigae vya bafu. Jina hatukukuuliza. Asante sana.

Kuta nyingi za Nairobi ni za mawe, kwa hiyo wengi hushika tindo na nyundo mara moja. Ubao wa jipsamu kama wa bafu letu, yaani jipsamu laini iliyofunikwa kwa karatasi, hauvumilii hivyo. Zima umeme, ulisema, kisha kwangua grauti yote (kijazio cha mianya kati ya vigae) kukizunguka kigae, maana kikibaki kimeshikana na jirani yake huondoka na karatasi ya ubao. Anzia juu, penye ukingo ulio wazi. Skrepa nyembamba ilale karibu sambamba na ukuta, ukiigonga polepole. Karatasi ndiyo nguvu ya ubao: ikichanika, jipsamu hubaki wazi, na gundi ya saruji ikipakwa moja kwa moja juu yake, vigae vipya huachia.

Lililotuokolea pesa hasa ni kidole gumba. Bonyeza ubao karibu na bomba la kuogea. Ubao ukibonyea, usihangaike na kigae kimoja kimoja. Kata hadi katikati ya nguzo za ndani ya ukuta zinazoshika ubao, utoe ubao na vigae vyake, ufunge ubao wa saruji kwa skrubu zisizoshika kutu. Ubao wa kawaida una unene wa milimita 12.5, msumeno usizidi hapo, kwa kuwa nyuma hupita mabomba na nyaya.

Mungu akubariki, fundi.