Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: turudishieni dirisha moja la kuomba chuo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika kuhusu udahili wa vyuo vikuu hapa Tanzania maana kila mwaka watoto wanateseka na jambo ambalo majirani zetu Kenya walishalimaliza.

Mdogo wangu matokeo ya form six yametoka yuko kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), simu hana, mimi ndo nikamuombea. Kila chuo kina mfumo wake, akaunti yake, paswedi yake na elfu kumi yake, na hapo bado fomu ya mkopo elfu thelathini, bado cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, bado sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Akachaguliwa vyuo viwili, ikabidi athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa meseji. Meseji haiji, naomba upya haiji, imekuja kuingia usiku wa siku ya mwisho kabisa! Asiye na mtu wa kukaa macho hivyo anafanyaje mheshimiwa?

Kenya mtoto akipata wastani wa C+ kwenda juu kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari anaingia KUCCPS, mfumo mmoja wa serikali yao wa kuomba vyuo, analipa shilingi 1,500 za kwao mara moja (kwa hela yetu inakaribia elfu thelathini kwahiyo sio bure), anapanga kozi kwa jinsi anavyozitaka, anaona na pointi walizoingilia wa mwaka uliopita, vyuo vya serikali na vya binafsi vyote humo humo. Hatafuti chuo kimoja kimoja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tulikuwa nao mfumo wa hivi. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, walianza udahili wa pamoja 2010, ukaja kufutwa 2017, kwa sababu watu walilalamika wanapangiwa vyuo wasivyovitaka. Malalamiko yalikuwa ya haki kabisa, ila dawa yake ilikuwa kumzuia mtu asipangiwe kozi ambayo hajaichagua, basi, sio kuua mfumo mzima na kumrudishia mzigo mtoto wa miaka 19.

Ila mheshimiwa naomba sana usije ukabeba kila kitu cha Kenya. Mwaka 2023 walileta utaratibu mpya wa kulipia chuo, wanafunzi wakagawanywa kwa bendi kulingana na hali ya familia, wazazi wengi wakalia kuwa wamewekwa bendi ya wenye nacho na hawana kitu, Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unavunja katiba na kesi ikaenda rufaa. Bumu letu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, lina kasoro zake, linachelewa na wengine wanakosa kabisa, lakini kwenye njia ile tusiende.

Ninachoomba kinawezekana. Matokeo yote yako NECTA (Baraza la Mitihani), majina ya waliochaguliwa vyuo vinapeleka TCU kuhakikiwa, na Bodi ya Mikopo inamtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa form four. Basi namba hiyo hiyo iwe akaunti yake moja, aombee vyuo humo, aombee mkopo humo, alipe mara moja. Na kwa msimu huu unaokuja, kama mfumo mpya hautawahi, naomba TCU waruhusu mtoto athibitishe chuo hata kwa kufika mwenyewe na cheti chake, na dirisha lisifungwe kwa mtu ambaye meseji yake haijafika.