Mikwaruzo ya gari jipya tunaitia wenyewe kwa kitambaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, lakini kwetu sisi mafundi rangi wa huku Mbeya limekuwa la kila wiki. Magari mapya, mengine hayajatimiza hata mwezi tangu yatoke bandarini Dar es Salaam, yanaletwa gereji yakiwa yamefifia, yamejaa mikwaruzo myembamba inayofanana na utando wa buibui pamoja na madoa meupe ya maji yasiyotoka kwa kufuta, huku wenyewe wakiamini kwamba wameuziwa gari lenye rangi mbovu. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 19, na ninachotaka kusema ni kwamba nyingi ya rangi hizo hazikuwa mbovu hata kidogo. Tumeziharibu wenyewe kwa namna tunavyoosha na kufuta, kisha tunaziharibu mara ya pili kwa kukimbilia mashine ya kupolishi kabla ya kujua tunaondoa nini.

Mwezi Oktoba mwaka jana mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea gari dogo la rangi ya bluu iliyokoza, alilolinunua kwa mkopo, akitaka nimpigie boneti rangi upya. Nililiingiza ndani, nikafunga mlango wa gereji, nikawasha tochi ya simu. Kila nilipoisogeza tochi, duara la nyuzi za mwanga lilihama nayo. Nikamwomba anionyeshe kitambaa anachofutia gari. Akakitoa kwenye buti: kipande cha fulana ya zamani, kimekunjwa vizuri, kwa macho ni kisafi kabisa. Nikakikung'uta juu ya karatasi nyeupe, vikaanguka vichembe vya kijivu. Nikavisugua kati ya vidole viwili, nikampa naye avisugue. "Mwalimu, huu ni msasa," nikamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kila asubuhi, kabla hajaenda shuleni, mwanawe hulifuta gari lote kwa kitambaa hicho, kikavu, ili mama yake atoke akiwa na gari safi. Moyo uliniuma, kwa maana mtoto yule alikuwa akifanya kwa mapenzi kile ambacho sisi watu wazima tumemfundisha.

Ifahamike kwamba rangi ya gari si tabaka moja. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, yaani tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo linaloleta mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua na maji. Kwa magari mengi yatokayo kiwandani, matabaka yote hayo kwa pamoja huwa na unene wa kati ya maikroni 100 na 150 hivi, na klia peke yake huwa kama maikroni 40 hadi 50. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa kichwani huwa na maikroni 70 hivi. Gari ulilolinunua kwa mamilioni linakingwa, basi, na kitu chembamba kuliko unywele wako. Ile mikwaruzo inayoonekana kama utando wa buibui imo ndani ya klia, haijafika kwenye rangi, na wala haina umbo la mviringo. Imelala kila upande, mirefu kwa mifupi, ila taa inapomulika, inayong'aa machoni ni ile tu iliyoukingamia mwanga, ndiyo maana tunaona duara kuizunguka taa. Kwenye gari jeupe au la fedha hujificha. Kwenye jeusi, bluu au jekundu lililokoza haina pa kujificha.

Huku kwetu vumbi lenyewe lina ukali wake. Udongo wa sehemu kubwa ya mkoa huu, kuanzia Uyole kupanda safu za Uporoto hadi Tukuyu chini ya Mlima Rungwe, umetokana na majivu ya volkano, na ndani yake mna vichembe vya lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo watu hulitumia kusugulia visigino. Jiwe lile ni kioo cha volkano kilichojaa hewa, na likisagika huwa vumbi lenye ncha. Tangu Juni hadi Oktoba mvua hakuna, malori ya Tunduma hayalali, na kazi za kupanua barabara kuu kati ya Nsalaga na Ifisi nazo zimekuwa na vumbi lake. Mtu anayepitisha kitambaa kikavu juu ya boneti iliyolala nje usiku mzima katika hali hiyo anaisugua klia kwa jiwe la visigino. Namsihi kila mwenye gari aache kabisa kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, hata kama anakwenda harusini. Gari lenye vumbi halijaharibika; lililofutwa vumbi kikavu limeharibika.

Kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari tatizo ni hilo hilo katika sura nyingine. Ndoo ni moja, sponji ni moja, na sponji iliyotoka kusugua ringi na tairi ndiyo inayopanda juu ya mlango. Sabuni ni ile ya unga ya kufulia nguo, ambayo inaondoa uchafu lakini inaondoa pia nta yote iliyopakwa kuikinga rangi. Siwalaumu vijana, kwani hakuna aliyewahi kuwaonyesha vinginevyo, na wanalipwa kwa idadi ya magari. Lakini njia iliyo sahihi haihitaji mtaji mkubwa. Kwanza gari limwagiwe maji mengi, kwa mpira au mashine ya presha, mpaka mchanga uliolegea uondoke kabla mkono haujaligusa. Kisha ziwepo ndoo mbili, moja ya maji yenye shampuu ya magari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila baada ya kumaliza sehemu moja. Uanzie juu ya paa ushuke, usugue kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, na vitambaa vya ringi visikutane kamwe na vya bodi. Kitambaa kikidondoka chini, hata mara moja, kazi yake juu ya rangi imekwisha hadi kifuliwe.

Madoa ya maji yana asili tofauti. Anayetaka kujua maji huacha nini yanapokauka aende Songwe kwenye chemchemi za maji moto, akaangalie miamba ya chokaa iliyojengwa na maji yenyewe, utando juu ya utando, kwa miaka mingi mno. Au, kama Songwe ni mbali, afunue birika la nyumbani atazame ukoko mweupe chini yake. Maji magumu, hasa ya baadhi ya visima, yana kalisi na magnesiamu ndani yake. Tone likikauka juu ya boneti, maji hupaa na madini hubaki yakiwa duara jeupe. Likiachwa juani siku kadhaa, duara hilo huanza kuila klia na kuacha kishimo ambacho hakuna sabuni itakayokitoa. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, na jua la huku ni kali hata siku ambayo mtu amevaa sweta, hivyo baridi isitudanganye. Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa, na likaushwe papo hapo kwa taulo kubwa safi la maikrofaiba, linalotandazwa na kuvutwa taratibu. Kuliacha "likaukie njiani", kama wengi wanavyopenda kusema, ndiko kunakozaa madoa hayo.

Kwa gari ambalo limekwisha kupata madoa na mikwaruzo, utaratibu wangu ni kuanza na kilicho laini kabisa. Baada ya kuosha vizuri, madoa ya maji hujaribiwa kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya mvua: kitambaa kilicholowa mchanganyiko huo kinalazwa juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kivulini, bila kuachwa kikauke, kisha sehemu hiyo inaoshwa upya kwa shampuu na maji mengi. Asidi ya siki huyeyusha chokaa, na madoa mengi mapya huishia hapo. Asidi ya betri isitajwe hata kwa bahati mbaya. Nimeona mlango ulioharibiwa nayo, na haukuwa na tiba zaidi ya kupakwa rangi upya. Bodi ikiwa bado inakwaruza chini ya vidole, hupitishwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, juu ya maji yenye utelezi wa kutosha. Ndipo tunapofika kwenye polishi, na hapo ndipo ninapowaomba wenzangu mafundi watulie. Tujaribu kwanza polishi laini, kwenye eneo la sentimita 50 kwa 50 tu, tufute kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yasitufiche ukweli, kisha tuangalie kwa taa. Ikitosha hiyo, kompaundi kali, ile dawa ya kukwangulia klia, ya nini?

Nayasema haya nikiwa nimewahi kukosea. Katika miaka yangu ya mwanzo nilishika mashine ya kuzunguka yenye nguvu, nikaweka kompaundi kali, nikaikandamiza kwenye ukingo wa boneti ya mteja ambako klia huwa nyembamba zaidi. Joto lilipanda, na kabla sijainua mkono klia ilikuwa imeisha, rangi imefuata, praima ya kijivu inanitazama. Nilimlipia yule baba rangi ya boneti nzima kwa mshahara wa miezi miwili. Tangu siku hiyo naziba kingo kwa utepe wa karatasi, na kwa magari mapya natumia mashine ile inayozunguka huku ikitikisika, ambayo haipandishi joto upesi. Kila tunapopolishi kwa kompaundi tunapunguza klia, na iliyopungua hairudi. Fundi anayempigia mteja kompaundi kila baada ya miezi michache anamuuzia mng'ao wa leo kwa rangi itakayobabuka baadaye. Yupo pia yule anayepaka polishi yenye mafuta ya kujaza mikwaruzo bila kuiondoa, gari linang'aa siku ya malipo, likioshwa mara tatu nyuzi zote zinarudi. Huo kwangu ni udanganyifu.

Gari la mwalimu lilikaa kwangu siku mbili. Siki iliondoa madoa ya paa, polishi laini ikaondoa sehemu kubwa ya utando wa buibui, nikamalizia kwa nta. Mkwaruzo mmoja wa mlango wa kulia, uliokuwa unashika ukucha, tuliuacha kwa makubaliano, kwa sababu kuumaliza kungekula klia ambayo gari hilo litaihitaji miaka mingi ijayo. Boneti haikupakwa rangi upya. Mwanawe alikuja naye kulichukua, na nilimwonyesha namna ya kutumia ndoo mbili.

Nina ombi kwa halmashauri zetu za Mbeya, na hata za Iringa, Njombe na Songwe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinapoomba fedha hizo ili kufungua sehemu ya kuoshea magari, kipewe kwanza mafunzo ya siku chache, kwa kushirikiana na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu klia, maji magumu, vitambaa na ndoo, ndipo kinunue mashine ya presha. Mimi niko tayari kujitolea Jumamosi mbili kila mwezi bila malipo. Nitakuja na ndoo zangu, taa yangu, na boneti kuukuu nyeusi, ili kijana akosee juu ya hiyo kabla hajashika gari la mteja.

Fundi rangi wa magari,
Uyole, Mbeya