Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja kubwa: majina tunayozipa seli za neva za uti wa mgongo.

Kwenye kiinitete cha panya kazi ni nyepesi. Kila kundi la seli hutambuliwa kwa protini iliyo alama yake, nayo hutiwa rangi kwa kingamwili, yaani protini inayoishika alama hiyo: En1 huonyesha kundi la V1, Chx10 huonyesha V2a, Sim1 huonyesha V3. Lakini En1 hufifia baada ya panya kuzaliwa, kwa hiyo slaidi ya panya mkomavu ikikosa rangi haina maana kwamba V1 hazipo. Ndiyo sababu kundi hili hufuatiliwa kwa panya aliyebadilishwa jeni, ili kila seli iliyowahi kuwasha En1 ibaki na rangi.

Alama ya Isl1 ndiyo inayopotosha wengi. Imo kwenye neva zinazoendesha misuli, imo pia kwenye kundi la dI3 na kwenye neva za hisi zilizo kando ya uti. ChAT, alama nyingine, nayo huonekana kwenye neva za misuli pamoja na kundi la V0c lililo karibu na mfereji wa kati wa uti. Hapo ongeza Pitx2, alama ya V0c. Na anayehesabu neva za misuli kwa NeuN, alama ya neva kwa jumla, pekee hupoteza zile za aina ya gama, kwa kuwa NeuN yake ni hafifu mno. Zitafute kwa alama ya Err3.

Kuhusu slaidi zenyewe: En1, Chx10 na Isl1 ni protini za ndani ya kiini, basi rangi lazima ilale juu ya DAPI, rangi inayoonyesha kiini. Chembechembe zinazong'aa nje ya kiini, tena kwa kila kichujio cha darubini, ni lipofusini, uchafu wa seli iliyozeeka. Slaidi ya ulinganisho, isiyotiwa kingamwili ya kwanza (ile inayoishika alama yenyewe), itakuonyesha hivyo mara moja. Tishu iliyokaa mno kwenye paraformaldehaidi ya 4%, dawa ya kuhifadhi tishu, huificha protini. Mara nyingi kuipasha moto kwenye kimiminiko cha sitrati cha pH 6 huirudisha. Kwenye maji ya sukrosi (sukari) ya 30% subirini tishu izame kabisa kabla ya kugandisha, la sivyo barafu huitoboa. Kingamwili zigawanywe kwenye vichupa vidogo, maana stima ikipotea na kurudi, kuganda na kuyeyuka huziua.

Napendekeza kila ripoti itakayoletwa kwetu itaje umri wa mnyama, sehemu ya uti, alama zisizopungua mbili, na slaidi ya ulinganisho. Kura itapigwa alasiri. Fomu ziko kwa katibu.

Mwenyekiti