Barua kwa mwanangu: kabla hujaikokota hiyo boti

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu wewe husema "sawa mama" kabla sijafika katikati ya maneno, na nikikutumia sauti husikiliza nusu. Hii isome yote, tena ukiwa umekaa.

Nduguyo ameniambia umeshatoa malipo ya kwanza ya pikapu, na kwamba wiki ijayo wapeleka boti Naivasha. Nimeyasikia kwa nduguyo, si kwako. Kisha jana usiku ndipo ukaniandikia, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Mama, dizeli au petroli?" Pesa zimeshatoka ndipo waja kuuliza. Lakini umeuliza, na sitakuficha, nilifurahi. Mafundi wengi wa Changamwe walinunua kwangu miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyeniuliza maoni, wakidhani mwanamke wa kaunta kazi yake ni kutoa risiti. Muuza spea huona jambo ambalo fundi halioni: nani amerudi dukani, baada ya muda gani, na safari hii anataka nini.

Nitakujibu. Kwanza nijibu wewe: hiyo trela ina breki? Nimekuuliza jana ukaniletea picha ya boti. Boti nimeiona, nzuri, rangi yapendeza. Breki sikuziona.

Haya, injini. Uzito wako naukadiria hivi: boti ya faiba ya ukubwa ule, injini zake mbili nyuma, mafuta, nanga, na trela yenyewe, havipungui tani mbili. Mzigo huo wautoa baharini Mtwapa, ambako mita ni sifuri, waupeleka hadi Limuru iliyopita mita 2,000, kisha waushusha bondeni. Kwa kazi hiyo mimi ningechukua dizeli yenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Si kwa sababu watu husema dizeli ni gari la wanaume. Angalia namba. Hilux ya petroli ya lita 2.7 hutoa nguvu ya kuvuta ya karibu nyutoni mita 245, na huipata injini ikiwa inazunguka mara 4,000 kwa dakika, yaani inalia. Ile ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia za mkono hutoa 420, na yaanza kuitoa kwenye mizunguko 1,400 tu. Ukiwa kwenye ngazi ya boti pale Mtwapa, maji yamekupwa, tairi za nyuma ziko kwenye saruji yenye ukoga wa bahari, na boti nzima yakuvuta irudi majini, ni hiyo nguvu ya chini unayoihitaji. Petroli itakulazimisha uipigie kelele na kuichoma klachi. Klachi nimeziuza nyingi sana kwa watu wa boti.

Na huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo, iwe petroli au dizeli, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000. Yenye turbo hujisukumia hewa yenyewe, haioni sana tofauti. Ndiyo maana ile Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, ambayo ami yako hataki kusikia ikisemwa vibaya, hapa pwani yavuta vizuri na ikifika Limuru inapumua kwa shida. Haina turbo, ina nyutoni mita 285 tu. Watu huipenda kwa jambo jingine: haina kompyuta, na fundi wa Maungu aweza kuifungua chini ya mti. Hizo pikapu zake huunganishwa hapa hapa Mombasa, spea hazikosekani. Kama ungeniuliza kabla ya kutoa pesa tungezungumza habari yake.

Sasa lile uliloniandikia, kwamba wataka dizeli kwa kuwa "inashika mteremkoni". Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Neno hilo umelitoa kwa madereva wa malori, na kwao ni sawa, maana lori lina breki ya egzosi, ile inayoziba moshi ndani ya bomba na kunguruma. Pikapu yako haina. Injini ya petroli ukiondoa mguu, kilango cha hewa hufunga, pistoni zikawa zavuta mahali pasipo hewa, na kule kuvuta kwa taabu ndiko kunakopunguza mwendo. Dizeli huendeshwa kwa kupimiwa mafuta. Hewa yaingia tele muda wote. Ni kweli yabana hewa zaidi, mara 16 mpaka zaidi ya 20, na petroli ni kama mara 10. Lakini hewa iliyobanwa huwa kama springi ya godoro: inarudi na kuisukuma pistoni chini, ikakurudishia mwendo ule ule uliodhani umeupunguza. Injini mbili za ukubwa mmoja, bila breki ya egzosi, ya petroli ndiyo inayoshika zaidi mteremkoni. Kwa hiyo ukichagua dizeli, na nimekwambia uchague, ujue kwamba umechagua mvutaji bora na mshikaji dhaifu. Hilo pengo litazibwa na nini? Na breki za trela. Ina breki?

Na kuna jambo ambalo mwenye yadi hatakwambia. Kanyagio la breki husaidiwa na ule mvuto wa injini. Petroli yaupata bure, kwa sababu ya kile kilango. Dizeli haina, ikabidi itengenezewe pampu yake ya kuvuta hewa. Kwenye Toyota za zamani pampu hiyo imekaa mgongoni mwa alteneta, na hulainishwa kwa oili ya injini. Watu walikuwa wakija dukani wakisema alteneta yavuja oili, wanipe ya bei nafuu, tena "hata isiyo na pampu, mama, ilimradi ichaji betri". Niliwafukuza. Ile pampu ikichoka, kanyagio huwa gumu kama jiwe, na mtu hulijua hilo akiwa tayari ameshaanza kushuka. Kabla ya kumalizia malipo, zima gari, kanyaga breki mara nne au tano mpaka liwe gumu, shikilia hapo hapo, kisha washa. Kanyagio lishuke kidogo chini ya mguu. Lisiposhuka, omba pesa zako.

Usije ukatoa gia mteremkoni ili kuokoa mafuta. Wajua madereva wa malori walivyofanya hivyo kwa miaka kule Salgaa, kwenye mteremko wa barabara ya Nakuru, na wajua ajali zilizowapata. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Kama gari ni la gia za kujiendesha, usiache gia ya juu ijiingize. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, achilia zipoe, kanyaga tena. Ukiziegemea muda wote zitachemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na hapa Mombasa unyevu tunao wa kugawa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji hushuka mpaka kama 140. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke haupeleki nguvu popote, mguu utafika sakafuni. Badilisha yote kabla ya safari. Usiniambie yanaonekana masafi.

Ukitoka Limuru pita ile barabara ya juu, ya Kinungi. Ile ya chini ya Mai Mahiu, iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili, ina mandhari na ina lile kanisa lao dogo, utakwenda kulitazama siku nyingine na mkeo. Mteremko wake ni mkali na malori ni mengi.

Trela za boti breki zake nyingi ni zile za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela yalisukuma, mkono wake wajikunja, waya ukavuta ngoma. Ni breki nzuri zikiwa hai. Lakini fikiria maisha yake: kila mara yazamishwa kwenye maji ya chumvi, ngoma zikiwa bado na moto, kisha yaegeshwa juani hadi bamvua nyingine. Waya hushika kutu ndani ya mfuko wake, na mtu akiangalia kwa nje aona breki ipo. Kwa hiyo swali langu si kama zipo tu. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe, vuta hendibreki ya trela, uone lasimama. Fungua ngoma, utazame. Beringi nazo zitolewe, zioshwe, zitiwe grisi mpya. Na kuanzia sasa kila ukitoa boti baharini, mwagia magurudumu maji baridi ya mfereji. Najua maji ya mfereji kwetu huja yanapotaka, basi weka jerikeni.

Injini mbili za boti ziko nyuma kabisa, na huo ni uzito ulio mahali pabaya. Mkono wa trela uwe unaukalia mkia wa gari, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ukiona mkono waelea, sogeza boti mbele. Trela iliyozidi uzito nyuma huanza kutikisa mkia, na ikianza, ondoa mguu taratibu, nyoosha usukani, usiongeze mafuta wala usikanyage breki kwa hofu. Na usikimbie. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne, hilo ulifundishwa shuleni na ada nililipa mimi.

Kuhusu gharama, nisikudanganye. Dizeli yala kidogo, hasa ikiwa na mzigo. Petroli ikivuta tani mbili hunywa mpaka uone haya. Bei hutangazwa kila tarehe 14, lakini faida yako itatoka kwenye lita chache, si kwenye bei. Lakini dizeli ikikugeuka hukufilisi. Noseli, pampu ya mafuta, turbo: seti moja yaweza kukula faida ya miezi. Usinunue mafuta ya rahisi kando ya barabara. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli, na mafuta ya taa hayalainishi pampu. Fungua maji chini ya filta mara kwa mara, matangi ya hapa pwani hukusanya maji.

Na kama gari ni la dizeli la Japani la karibuni, na sheria ya kutoingiza mtumba wa zaidi ya miaka minane yafanya yote yanayoingia yawe ya karibuni, lina chujio la moshi kwenye egzosi. Chujio hilo hutaka safari ndefu ya moto ili lichome masizi yake. Ukilitumia kwenda na kurudi foleni ya feri ya Likoni litaziba. Ukiwa na kazi ya Diani pita barabara ya Dongo Kundu. Sasa, kama hizi safari za Naivasha ni mbili tatu kwa mwaka na siku nyingine zote wavuta kiboti kidogo cha uvuvi Mtwapa mpaka Kilifi, basi nimebadilisha maneno: chukua petroli, pesa inayobaki nunua trela ya maana. Hili hujaniambia. Safari ni ngapi? Wewe hupenda kuhesabu safari ya kwanza tu.

Najua wadhani nalilia kazi ya bandarini uliyoiacha. Mlango ule niliugonga mimi, wewe hukuniambia niugonge, basi hayo yamepita. Mzee wa Mtwapa mwenye hizo boti alimwambia ami yako kwamba wewe ndiye kijana pekee anayefunga mikanda ya boti bila kusimamiwa. Nimelirudia neno hilo kwa jirani mara nyingi kuliko inavyostahili.

Hapa nyumbani bati la jikoni limeanza kuvuja tena pale pale ulipopaka lami, mvua ikija kwa upepo naweka sufuria. Usimtume yule fundi wa mara ya mwisho. Mpangaji wa chumba cha nyuma amelipa nusu. Nduguyo yuko karibu na mitihani na alala na simu usoni, mpigie wewe, mimi amenizoea. Dawa za presha ninazo za mwezi huu, usitume pesa, malizia gari. Mwambie mkeo ule mkeka wake uko tayari, na aje na vile vyombo vyangu viwili vya mahamri, najua viko kwake.

Ukirudi na trela tupu, pale Soko Mjinga ninunulie gunia la viazi na karoti kidogo, hapa bei imepanda. Gunia lipande kwenye pikapu. Likibidi kukaa kwenye trela, liwe mbele ya ekseli. Na kabla ya Ijumaa nitumie picha ya ngoma zote mbili zikiwa zimefunguliwa, tena karibu, nione ndani.

Mamako