Ile nyekundu ya zamani imekwenda wapi?

Tangu mwezi wa saba, kila Jumamosi hapa kwenye restora yetu ya Lubumbashi kuna papa (baba) mmoja wa meza ya pembeni ananiuliza lile lile: "Mama, divai yetu nyekundu umeipeleka wapi?" Nimemjibu kwa kifupi mara nyingi. Leo nijibu kwa kirefu, maana hayuko peke yake.

Septemba 2025 nilipanda ndege hapa Luano, uwanja wetu wa ndege, nikaenda Cape Town, kwenye CapeWine. Hayo ni maonyesho ya watu wa biashara tu: wanunuzi wa hoteli, restora na maduka, na wenye mashamba ya zabibu wamesimama nyuma ya meza zao. Siku tatu, ukumbi mkubwa, chupa hazihesabiki. Nilipowaaga majirani wa Bel-Air kwamba naenda kazini, walicheka. Kazi gani hiyo ya kushika glasi tangu asubuhi?

Tupige hesabu. Wanakumiminia kidogo, tuseme mililita 25. Ukionja aina 60 kwa siku, hizo ni lita moja na nusu, yaani chupa mbili kamili. Kwa hiyo hunywi. Unanusa, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo. Siku ya kwanza niliona haya kutema mbele za watu, nikameza kumi hivi za mwanzo. Kufika saa sita mchana, daftari langu lilikuwa limeandikwa "nzuri", "nzuri sana", "nzuri", mstari kwa mstari. Kurasa zile hazikunifaa kitu. Siku ya pili nikatema kama wenzangu. Nikaanza na zenye mapovu, nikaja kwa nyeupe, nyekundu nikaziacha mpaka alasiri, maana ukakasi wake unaganda ulimini kama wa ndizi mbichi, na ukirudi kwa nyeupe baada yake unaonja maji matupu.

Wala sikufuata divai bora kuliko zote. Nilifuata ile itakayokaa vizuri kando ya bukari (ugali), sombe (kisamvu), michopo (nyama choma) na pilipili yetu. Wauzaji wengi pale ukiwauliza chakula, watakuambia "nyama ya ng'ombe", basi. Mimi nilikuwa na kichupa cha pilipili ya kusaga ndani ya mkoba. Siku ya mwisho wenye meza walinigawia chupa tatu zilizokwisha funguliwa. Nikanunua kuku wa kuchoma, nikampaka pilipili chumbani, nikakaa kitandani na glasi ya hoteli. Cabernet, nyekundu nzito ya kilevi cha asilimia 14.5, ndugu ya ile yetu ya zamani, ilitia moto juu ya moto: kilevi kikiwa kingi huzidisha mwasho, na ukakasi unakausha mdomo. Cinsault, nyekundu nyepesi niliyoiacha kwenye friji nusu saa, ilipita bila ugomvi. Halafu chenin, nyeupe yenye utamu kidogo tu. Mwasho ukashuka, nikaanza kumsikia kuku mwenyewe. Hapo ndipo ile ya zamani ilipopoteza kazi.

(Cinsault msiione ngeni. Ni mzazi wa Pinotage mnayoijua. Mwaka 1925 Abraham Perold aliichanganya na Pinot Noir, huko huko Afrika Kusini. Pinotage moja tumeibakiza, kwa ajili ya wale wa michopo ya mbuzi.)

Sasa kifuniko. Nimesikia manung'uniko: chupa mpya zinafunguliwa kwa kuzungusha, kama dawa ya kikohozi, kwa hiyo ni za bei ya chini. Sivyo. Kutoka Cape Town hadi hapa ni zaidi ya kilomita 3,000 za barabara, halafu lori linapanga foleni mpakani Kasumbalesa. Mzigo wetu wa mwisho wa nyekundu ya zamani ulipita huko mwezi wa kumi, jua la kabla ya mvua. Tulipofungua katoni, vizibo vilikuwa vimeinuka shingoni, karatasi zinanata, na divai inanuka jamu. Joto huipanua divai, divai inasukuma kizibo, hewa inaingia. Msafirishaji alisema yeye alipokea katoni zimefungwa na alileta katoni zimefungwa. Hasara ikabaki kwetu.

Kifuniko cha kuzungusha hakizuii joto, niseme kweli, lakini hakisukumwi kirahisi namna ile, tena hakileti ule ugonjwa wa kizibo unaoifanya divai inuke karatasi iliyoloa. Kwa joto lenyewe dawa ni kalenda: sasa tunaagiza ili mzigo uwe njiani mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi.

Kwa hiyo mhudumu akikuletea Cinsault, nyekundu yetu mpya, ikiwa ya baridi, hajakosea. Ukitaka kuonja kabla ya kuagiza, omba tone, hatulipishi. Glasi yetu ni mililita 150, chupa moja inatoa tano, na chupa iliyofunguliwa hatuiuzi baada ya siku ya pili, inakwenda jikoni.

Wiki hii tumepanga depo upya, nikakuta chupa nne za ile ya zamani, za mzigo wa kabla ya ule ulioharibika. Moja nimeifungua, iko salama. Papa wa meza ya pembeni, mbili zako nimezificha.