Kwa nini hatukodishi gari la kwenda Chalbi wakati wa mvua

Kuanzia Machi hivi simu huanza kuingia, mtu ameona picha za jangwa la Chalbi, kule kaskazini mwa Kenya, mtandaoni, anataka Land Cruiser yetu ya hema juu aende Pasaka na familia, tukimwambia hapana anakasirika, ati jangwa ni jangwa, mvua gani tena. Sasa acha tueleze vizuri maana hili jambo linatuuma, tunapenda sana watu wafike kule kaskazini.

Chalbi zamani ilikuwa ziwa. Maji yakakauka, pakabaki tambarare ya chumvi na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo mvua ikinyesha hata kama ni huko juu Marsabit ama Huri Hills maji yanateremkia hapo na hayana pa kutokea. Jua likiwaka siku kadhaa juu panakauka, panakuwa peupe na pagumu, wewe mwenyewe unatembea bila shida, lakini chini ya hilo ganda kuna tope laini kama uji. Gari letu likiwa na maji, friji, hema na watu wanne linakaribia tani tatu. Ganda likipasuka linazama mpaka kwenye ekseli, na gari linalokuja kukuvuta mara nyingi linakwama hapo hapo.

Hata kiangazi, ukiwa na wasiwasi simama, shuka, tembea mbele mita hamsini hivi huku ukipiga kisigino chini kwa nguvu. Kikiacha alama ya kahawia yenye unyevu, geuka urudi kwa alama za tairi zako mwenyewe. Na usikate shoti hata kama unakiona kijiji cha Kalacha kwa macho, fuata njia ya malori, wale madereva wanajua wanachokwepa.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, na Januari na Februari.

Tairi nazo. Lami ya barabara kuu ya A2 inakufikisha mji wa Marsabit bila shida, jaza mafuta hapo, tanki na jerikeni zote. Ukiingia mchangani punguza upepo mpaka psi 20 hivi, halafu ukirudi kwenye lami ujaze tena KABLA hujakanyaga mafuta, maana tairi laini ikienda mbio inapata moto na kupasuka. Kompresa iko chini ya siti ya nyuma. Kile kipande cha ubao kilicho kando yake ni cha kuweka chini ya jeki, bila hicho jeki inazama mchangani na gari haliinuki, kwa hiyo tafadhali msikifanye kuni.

Maji hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa tu. Wanaopenda kupanda mlima, Kulal ni mzuri ajabu, mita 2,285, unatoka kwenye joto la Ziwa Turkana unaingia msitu wenye ukungu, anzieni kijiji cha Gatab na mchukue kijana wa pale awaongoze. Kwingine kote huku chini anzeni kutembea saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa tatu muwe kivulini.

Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, usiku upepo unashuka kutoka Kulal kwa nguvu kweli kweli, kwa hiyo elekeza pua ya gari kwenye upepo kabla ya kufungua hema, na ukizidi lifungeni mlale ndani. Kalacha nako msipige kambi karibu na visima. Wagabra, wafugaji wa huko, wananywesha ngamia hapo, wamevuka mbali kuja kunywa, na ngamia akiona hema na taa haji. Kuoga na kuosha vyombo kisimani pia hapana, hata kama mtoto analia na jasho.

Kwa safari ya Chalbi tunatoa gari kama tu mnaenda magari mawili au zaidi, letu na la rafiki yako ni sawa. Tunawapa simu ya setilaiti maana katikati hakuna netiweki, na kila jioni mtutumie mesej ya mahali mlipolala. Ukitaka kubuku tuandikie WhatsApp tarehe, idadi ya watu na nani anaendesha, na kama hajawahi kuendesha mchangani aje yadi kwetu siku moja kabla, tunamfundisha bure.